Hofu ya chanjo ikiingia kwenye kundi la wazazi: ufanye nini, hatua kwa hatua

Wiki ile ya Aprili 2024, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilipopita mashuleni Tanzania nzima kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi letu la wazazi wa darasa la tano. Ilikuwa saa tatu kasoro usiku. Sekunde 41. Ukisikiliza vizuri, nyuma yake sufuria zinagongana na mtoto anauliza kama maharage yameiva. Mama anaongea kwa sauti ya chini, kama hataki wa nyumbani wamsikie: "Jamani wazazi wenzangu, nasikia kuna binti kaanguka baada ya sindano. Wa kwangu anachomwa kesho. Hivi kweli haifungi kizazi hii?"

Mimi ndiye admini. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikaandika: "Tusilete uzushi humu ndani." Watu sita wakanigongea dole gumba. Mama yule hakujibu. Asubuhi nikakuta ule mstari mdogo wa kijivu unaosema ameondoka kwenye kundi, na binti yake siku hiyo hakuonekana shuleni.

Yule mama hakuleta uzushi. Aliuliza swali, tena la maana kabisa, kwa watu aliowaamini. Nikamfungia mlango, naye akaenda kuuliza kwingine. Na huko kwingine kuna wauza dawa za "kusafisha sindano mwilini", kuna klipu za watoto wanaolia zisizo na tarehe wala mahali, na kuna watu wakarimu sana wa kumsikiliza mama mwenye hofu usiku wa manane.

Jambo hili limeniuma, kwa sababu shangazi yangu nilimsindikiza kwenye mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, na najua ugonjwa ule unavyomla mtu. Tangu siku ile nimekaa na wauguzi, nimesoma, nimeuliza, nimekosea tena na kujirekebisha. Haya hapa chini ndiyo ninayofanya sasa. Nayaandika kwa ajili ya admini, mzazi, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na yeyote atakayekuwa na simu mkononi wakati swali kama lile linaingia.

Hatua ya 1: Jua anayeongea ni nani

Maneno yanaweza kuwa yale yale, lakini wanaoyasema ni watu tofauti. Yupo aliyefikwa: mtoto wake mwenyewe anaumwa baada ya chanjo. Yupo mwenye hofu, ambaye hajaona kitu ila kesho ni zamu ya binti yake. Yupo aliyetumiwa klipu naye akaitupa kundini bila hata kuimaliza. Na yupo mwenye biashara, ambaye baada ya maneno matatu anataja dawa yake na namba ya kulipia.

Huyo wa mwisho peke yake ndiye wa kufutiwa ujumbe, na hata yeye mweleze sababu hadharani. Waliobaki ni wazazi wenzako.

Swali moja linawatenganisha: "Umeona mwenyewe, umesikia, au umetumiwa?" Uliza kwa heshima na uanze na salamu, maana swali hilohilo likirushwa kavu linageuka kesi polisi. Mimi siku hizi naandika: "Pole Mama Fulani, nimekusikia. Hili la binti kuanguka, uliona mwenyewe au uliambiwa? Nataka tulifuatilie." Neno linalobeba ujumbe wote ni "tulifuatilie". Mtu akijua utafuatilia, hana haja ya kupiga kelele.

Na kabla ya kuandika chochote, sikiliza sauti yote hadi mwisho. Mimi sikufika mwisho wa zile sekunde 41. Niliposikia "kaanguka baada ya sindano" nilikwishaanza kuandika, na swali la kizazi, ambalo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, nilikuja kulisikia baadaye.

Hatua ya 2: Kama kuna mtoto anaumwa, mjadala usubiri

Hapa usibishane na mtu kuhusu chanzo. Uliza mambo manne: amechomwa saa ngapi, anapumua vizuri, uso au midomo imevimba, anajitambua?

Mzio mkali huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache: kupumua kwa shida, uso kuvimba, vipele mwili mzima, mwili kulegea. Hutokea kama mara moja katika kila dozi milioni. Ni nadra sana, lakini upo, na ndiyo sababu mtoto hukalishwa dakika 15 baada ya sindano na timu ya chanjo inatakiwa kuwa na adrenalini karibu. Ukiona dalili hizo, mtoto arudishwe kituoni saa hiyo hiyo. Asisubiri mtu ajibu kwenye kundi.

Kuzimia ni jambo jingine. Wasichana wa rika hili huzimia kwa sindano yoyote, kwa hofu, kwa njaa, kwa kumwona mwenzake akichomwa. Mlaze chali, inua miguu, ondoa umati, na kwa dakika chache atakuwa amezinduka. Mkono kuuma, homa ndogo, kichwa na uchovu siku moja au mbili ni mambo yanayofahamika, na mzazi alipaswa kuyasikia kabla ya sindano. Homa ikipanda sana au ikigoma kushuka, mpeleke akapimwe, maana malaria haingoji kampeni ya chanjo imalizike.

Kisha, mtoto akishatulia, shika kadi. Andika jina la chanjo, tarehe, kituo, na namba ya toleo kama imeandikwa. Nenda kwa muuguzi au mganga mfawidhi na useme waziwazi: "Nataka hili liandikwe kama tatizo lililotokea baada ya chanjo." Taarifa hupanda kwa mratibu wa chanjo wa wilaya na kwa TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba. Kenya kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Huhitaji kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Kazi hiyo si yako. Unatoa taarifa kwa sababu jambo limetokea, basi.

Hili nalisisitiza kwa wazazi kuliko yote. Ujumbe wa sauti uliosambaa kwenye makundi 20 hauwezi kusimamisha toleo bovu la chanjo. Fomu iliyojazwa kituoni, ikikutana na nyingine kutoka wilaya ya jirani zenye namba ya toleo ileile, inaweza.

Hatua ya 3: Tenganisha "baada ya" na "kwa sababu ya"

Hapa ndipo mijadala mingi inapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chanjo ikitolewa kwa mamilioni ya watoto ndani ya wiki moja, watoto hao wataendelea kuishi maisha yao. Wapo watakaopata malaria wiki hiyo, watakaovunja ungo, watakaoanguka kwa kifafa walichokuwa nacho tangu zamani. Yote hayo yatakuwa "baada ya sindano". Ili kujua kama ni "kwa sababu ya sindano", inabidi uwaangalie waliochanjwa na wasiochanjwa, ujue kama tatizo linawapata zaidi wale wa kwanza. Denmark walifanya hivyo kwa chanjo ya surua na usonji: walifuatilia watoto 657,461, matokeo yakatoka mwaka 2019, na waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Uvumi wenyewe ulianzia kwenye makala ya mwaka 1998 ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

Lakini usikimbilie kumwambia mzazi kwamba kila tatizo ni bahati mbaya tu. Si kweli, naye atakuja kujua.

Mwaka 1999 nchini Marekani iliondolewa sokoni chanjo ya kwanza ya rotavirusi (kirusi kinachowaharisha watoto), iliyokuwa na mwaka mmoja tu, baada ya kuonekana kwamba kwa watoto wachache sana, kama mmoja katika 10,000, utumbo ulijikunja na kuingia ndani yake wenyewe. Aprili 2021, nchini humohumo, chanjo ya korona ya Johnson & Johnson ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya wanawake sita waliopata damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Sita! Wale sita walionekana kwa sababu kila mmoja wao aliandikwa mahali. Chanjo hiyohiyo ndiyo iliyokuja kwetu Julai mwaka ule, na Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Watu waliokuwa wakiuliza kuhusu damu kuganda hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiuliza jambo lililokuwa limetokea, na walistahili kupewa idadi halisi.

Halafu kuna makosa ya mikono ya watu. Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Sindano moja ilitumika kwa siku nne bila kubadilishwa, chanjo haikuhifadhiwa kwenye ubaridi, na waliochoma hawakuwa na mafunzo. Julai 2018, huko Samoa, watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya sindano ya surua. Wauguzi walikuwa wamechanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye usingizi wa upasuaji, badala ya maji yake. Wakahukumiwa kifungo.

Simulia kisa cha Samoa hadi mwisho, usiishie katikati kama wanavyoishia wengi. Serikali ilisimamisha chanjo kwa miezi kadhaa, na Facebook ikajaa maneno kwamba chanjo yenyewe ndiyo iliyoua. Waliochanjwa wakashuka hadi karibu asilimia 31. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia kisiwani. Watu 83 walikufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wawili waliuawa na kosa la kuchanganya dawa. Hawa 83 waliuawa na surua, iliyopita katikati ya watoto ambao wazazi wao hawakupata jibu la kueleweka kwa wakati.

Na yule binti wa kwetu aliyesemekana kuanguka? Siku ya pili nilikwenda shuleni kumuulizia. Alikuwa amesimama juani tangu saa mbili hadi saa nne na nusu bila uji. Alikuwa wa nne kwenye foleni. Alimwona rafiki yake akikunja uso, akaanguka. Hakuwa amechomwa bado. Nilipoandika "uzushi" usiku ule sikuwa nimejua hilo hata kidogo, kwa hiyo sistahili sifa yoyote kwamba mambo yaligeuka hivyo.

Hatua ya 4: Kagua kilichotumwa

Angalia juu ya ujumbe. Mishale miwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi maana yake umeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Tangu Aprili 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe wa aina hiyo kutumwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati, ili kupunguza kasi. Mishale hiyo haisemi kama ujumbe ni kweli au uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia si aliyeuandika, kwa hiyo usimlaumu yeye.

Klipu iangalie bila sauti kwanza. Sare za shule ni za wapi? Bango la ukutani limeandikwa kwa lugha gani? Piga skrini shoti ya sehemu moja na uitafute kwa Google Lens. Klipu za mabinti wanaozimia zinazozunguka kila kampeni inapofika mara nyingi hazina hata jina la wilaya. Mabinti walioanguka kweli kwa wingi baada ya chanjo hii ya HPV ni wa mji wa El Carmen de Bolívar, Colombia, mwaka 2014: mamia yao, na video zao zikaenda dunia nzima. Uchunguzi wa taasisi ya afya ya nchi ile haukukuta sumu wala kasoro kwenye chanjo. Ulikuta hofu iliyokuwa ikiambukizana, na kila video mpya ilizidisha walioanguka. Kuanguka kwao kulikuwa kwa kweli, hawakuwa wakiigiza. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wa Colombia walikuwa wakichanjwa. Kufika 2016 walikuwa chini ya asilimia 20.

Uvumi mgumu kuliko wote kwetu ni ule wa kizazi, na ugumu wake ni kwamba una mbegu ya kweli ndani. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walisema chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 imekutwa na homoni ya ujauzito, hCG, ili kuwazuia kuzaa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu Novemba mwaka ule kwamba chanjo ni salama. Waliobishana wakashika karatasi za maabara kila upande. Mzazi anayekuonyesha karatasi ile, usimwambie "ni feki" kama hujui. Mwambie kwamba vipimo vya hCG vya hospitalini vimetengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu. Ukimimina humo dawa ya chupa, ile namba inayotoka huwezi kuisoma kama ya mama mjamzito.

Ile mbegu ya kweli ni ipi? Watafiti wa India waliwahi kutafuta chanjo ya kupanga uzazi, wakaiunganisha hCG na kitu kinachotokana na pepopunda ili mwili uitambue. Walijaribu kwa wanawake waliokubali na kujua, na wakachapisha matokeo mwaka 1994. Haikuwa chanjo ya pepopunda inayotolewa kliniki. Ukilieleza hili waziwazi, mzazi anaona hukumficha kitu. Ukilificha, atalikuta mwenyewe saa sita usiku, nawe utakuwa umepoteza neno lako kwake.

Hatua ya 5: Andika jibu

Fupi, kwa lugha ya nyumbani, jambo moja kwa ujumbe mmoja. Anza na mtu, kisha jambo. Taja madhara yanayojulikana kabla hajakuuliza. Pale usipojua, sema utamuuliza muuguzi fulani na utarudi saa fulani, kisha urudi kweli.

Lile jibu langu la Aprili ningeliandika hivi leo:

"Mama Fulani, asante kwa kuuliza, najua si wewe peke yako. Binti aliyeanguka nitamuulizia kesho asubuhi na nitawaletea jibu hapa saa saba. Kuhusu kizazi: chanjo hii inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Haigusi mayai wala mji wa mimba. Inaweza kuleta maumivu ya mkono, homa kidogo, na wengine huzimia kwa hofu, kwa hiyo mtoto ale kabla ya kwenda na akae dakika 15 baada ya sindano. Ukitaka tuongee kwa simu, nipo."

Maneno hayajai kiganja, na hakuna aliyetukanwa.

Kuhusu kizazi nina jambo moja la kuongeza, maana nililiona kwa macho. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe na matibabu yake: mionzi, au kuondolewa mji wa mimba kabisa. Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na hakuna saratani inayowaua wanawake wetu wengi kuliko hiyo. Shangazi yangu alikuwa bado anataka mtoto wa tatu.

Maswali mengine matatu hurudi kila mara, na ni vizuri uwe na majibu yake.

"Mbona walianza na dozi mbili, sasa wanasema moja? Wanatujaribu?" Hili nalipenda, kwa sababu jibu lake liko hapa nyumbani. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu; mwili wao uliendelea kuonyesha kinga hata kwa dozi moja. Kenya, wanawake vijana 2,275 walishiriki utafiti mwingine, na baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia kwa asilimia 97.5 aina mbili za kirusi zinazoleta saratani hii kwa wingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Walioshiriki walijua ni utafiti na wazazi wao walitia saini. Anayechomwa shuleni leo anapokea kilichokwisha kupimwa.

"Kwa nini watoto wetu, si wa Wazungu?" Mabinti wa Uingereza walianza kuchanjwa mashuleni mwaka 2008, Rwanda wakaanza 2011, sisi 2018, Kenya 2019. Tumetanguliwa kwa miaka 10. Januari 2024 Scotland walitoa matokeo yao: kati ya waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, hawakukuta hata mmoja aliyepata saratani ya mlango wa kizazi.

"Kwa nini mapema hivyo, si ni kuwafundisha uhuni?" Jibu kwa utulivu. Chanjo hulinda vizuri zaidi ikimkuta msichana hajakutana na kirusi. Sweden walifuatilia wasichana na wanawake takriban milioni 1.67, na waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani hii iliyo ndogo kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Waliochelewa walifaidika pia, ila si kwa kiwango hicho. Hakuna mzazi anayesema chanjo ya pepopunda inamfundisha mtoto kukanyaga misumari.

Usimwage majibu yote haya kwa mpigo. Mzazi aliyeuliza kuhusu kizazi akipewa Sweden, Scotland na Mwanza kwa ujumbe mmoja, ataona unampigia hotuba.

Hatua ya 6: Ondoka kundini, kisha urudi

Mambo ya mwili wa mtoto hayazungumzwi mbele ya watu 87. Mwambie mzazi "nakuja inboksi", kisha piga simu. Sauti hutuliza kuliko maandishi. Baba mwenye maswali magumu mara nyingi hulainika akijua wenzake hawamtazami. Usiruhusu picha ya mtoto, kadi yake wala jina lake kuwekwa kundini, hata na mtu mwenye nia njema. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria kuna binti atakayerudi darasani Jumatatu, na wenzake wote wameshaiona ile picha yake akiwa amelala chini.

Kisha rudi. Hatua hii wengi huisahau. Jambo lililoanzia kundini limalizikie kundini, kwa idhini ya mwenyewe na bila kumtaja: lilifuatiliwa, lilikutwa hivi, limeandikwa kituoni. Kama iligundulika kwamba foleni ilikuwa juani na watoto hawakunywa uji, liseme hilo pia na liombwe lirekebishwe. Sisi tuliliomba. Timu iliyofuata iliwakuta watoto wamekaa chini ya mwembe.

Na kama ulikosea, omba radhi palepale ulipokosea, mbele ya walewale waliokugongea dole gumba.

Hatua ya 7: Kampeni ijayo, tangulia

Wiki moja kabla, weka ujumbe mmoja: chanjo gani, umri gani, tarehe gani, madhara yapi yanatarajiwa, mtoto ale nini asubuhi, aende na kadi gani, na muuguzi yupi atajibu maswali kuanzia saa ngapi. Uubandike juu ya kundi. Hofu ikija, itakuta jibu limeshakaa kitini.

Yule mama nilimtafuta. Nilimpigia mara mbili hakupokea, mara ya tatu nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamwambia nilimkosea na nikamwomba radhi. Alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, akaandika mstari mmoja: "Binti yangu alivunja ungo mwezi uliopita. Bado anaweza kuchanjwa?"

Nikamjibu kwamba anaweza, kuvunja ungo hakuzuii, na kwamba zahanati wanachanja hata kampeni ikiisha. Akaniuliza siku gani kuna foleni fupi.